Hodi ya Mnazini

Wenzangu wa Mazingara, tangu nirudi kila mmoja ananishika anaponikuta, kisimani, sokoni, hata msibani, anataka nimsimulie. Nikimsimulia huyu, yule anapelekewa mengine. Wako wanaosema nilimfukuza mkwe mpaka akapanda mti. Wako wanaosema nimemwozesha mtoto kwa mlevi. Nimechoka. Naandika mara moja, na anayejua kusoma awasomee wengine. Shule yangu mnaijua, niliishia darasa la nne. Mwenye kuona herufi zimelala asizisimamishe, asome tu.

Nilichoendea mnakijua, lakini nakirudia asije mtu kusingizia hakuambiwa. Zaina ni mtoto wa marehemu binti yangu Hadija. Mama yake alimwacha hajaota jino, nikamlea mimi. Ukandikaji nilimfundisha kwenye kuta za nyumba zenu hizi hizi, na mkono wake ulipokomaa akaenda Tanga kupiga lipu. Huko akapata mchumba, kijana anaitwa Mbwana. Watu wake walikuja na posa, nikawauliza kazi yake, wakasema anagema tembo, ile pombe ya mnazi. Posa niliirudisha kabla chai haijapoa.

Zaina akanipigia simu. Hakulia wala hakugomba. Alisema, "Bibi, umeikataa nyumba hujaiona."

Neno hilo lilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Maana mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mtu hapimwi kwa mdomo wake, anapimwa kwa nyumba yake: ukuta, kizingiti, na mahali anapomwaga maji machafu. Nikasema vyema, nitakwenda niione. Ikiwa mbaya, narudi na mtoto wangu.

Mkata, kungoja basi

Pikipiki ilinishusha Mkata asubuhi, na hapo ndipo safari ilipokaa chini. Lori lilikuwa limelala barabarani huko mbele, magari yote yamesimama. Wenye haraka wakaanza kutukana hewa. Mimi nilitafuta kivuli cha kibanda cha mkaa nikaketi juu ya mzigo wangu.

Mama mmoja wa Kimasai alikuja akaketi karibu yangu na dumu lake la maziwa.

"Koko, shikamoo."

"Marahaba. Koko ndiyo nini?"

"Ni bibi." Akaitazama mikono yangu, hakuficha kwamba anaitazama. "Hii mikono inakandika nyumba."

"Umejuaje?"

"Kucha. Na mimi zangu ziko hivyo. Kwetu mwanamke ndiye anajenga. Mwanaume akileta maneno mengi, analala na ng'ombe."

Nikamwuliza kama ile samadi wanayokandikia hainuki. Akasema inanuka siku ya kwanza tu, kisha akaniuliza na yeye kama udongo wetu hauyeyuki.

"Ukikandikwa vizuri hauyeyuki."

"Koko, kila masika naona watu wa vijiji vyenu wanakandika tena. Sisi mvua inateleza, inakwenda zake."

Sikupenda. Nilifikiria kuta zote nilizorudia maishani mwangu. Yeye akanimiminia maziwa kwenye kifuniko, akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia naenda kuitazama nyumba ya kijana anayemtaka mtoto wangu.

"Unaenda kwa mkwe."

"Si mkwe bado."

"Kama si mkwe, nyumba yake unaitazamia nini?"

"Nitazame kama afaa."

"Nyumba kajenga nani?"

"Mwenyewe."

"Mwanaume!" Alicheka mpaka shanga zikalia. "Basi tazama paa, koko. Mwanaume anajenga ukuta mrefu watu wamwone, paa anasahau."

Lori liliondolewa jua likiwa limeshapita utosini. Tulipanda basi moja, yeye akasimama muda wote akilishika dumu lake, akateremka Segera, mimi nikaendelea hadi Korogwe. Jina lake sikumwuliza, na sasa linanisumbua.

Ngombezi, kwa kaka

Korogwe sikupita kwa kupotea. Kwetu Wazigua mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno la ndoa. Hadija hakuwa na kaka, kwa hiyo neno limepanda hadi kwa kaka yangu mimi, Salehe. Anakaa Ngombezi, kwenye nyumba za safu walizojengewa wakata mkonge. Alikata mkonge mpaka mgongo ukakataa, akastaafu akiwa chumba kile kile.

Nyumba zile mkiziona mtasema ni behewa la treni lililosahauliwa. Safu moja ndefu, mlango, dirisha, mlango, dirisha. Ukuta mmoja unagawana na jirani. Kaka akikohoa, upande wa pili wanajibu, "Pole, mzee." Mjenzi wake alikuwa anahesabu vichwa tu. Hakuna mahali pa mgeni kukaa, hakuna ua. Watu wenyewe ndio wamejitafutia: huyu kabandika kibaraza cha mabati, yule kapanda mpapai mlangoni, na kaka yangu kajengea kichanja cha vyombo kwa miti ya maua ya mkonge. Niliweka kiganja ukutani kama desturi yangu. Saruji ngumu, ya moto, haikwambii kitu.

Tulikula bada, ugali wa muhogo, na kisamvu. Kaka akangoja ninawe ndipo aliposema.

"Dada, neno kwa desturi ni langu. Lakini huyu mtoto sikumlea mimi. Utakalolisema huko, mimi nimelisema."

"Nitakaa siku mbili tatu, nione."

"Sawa. Ila unakwenda kama nani?"

"Kama nani vipi?"

"Bibi haendi kukagua mchumba. Bibi ni mtani wao. Bibi huenda akamwambia kijana, 'Mbona umeniacha mimi ukamchukua huyu mdogo,' wakacheka, akala, akarudi. Anayekagua ni mama. Na mama ana heshima yake: mkwe hamtazami usoni, hali naye, hapiti anapokaa."

"Mama yake amelala Mazingara, Salehe. Unapajua alipolala."

"Napajua. Ndiyo maana nauliza. Wale watu wa pwani wakuweke kwenye kiti gani?"

Nilikusanya vyombo. Miaka yote mtoto yule ameniita bibi, na bibi ndiyo mimi. Lakini aliyekesha naye akiugua surua si bibi wa utani. Nililala chumbani kwa jirani aliyesafiri, nikisikia kikohozi cha kaka yangu kupitia ukuta, na swali lake likinizunguka kichwani.

Tanga mjini

Mji wa Tanga wameupanga kwa hesabu. Upande wa Ngamiani barabara hazina majina, zina namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka zinakwisha. Unadhani mtu hawezi kupotea. Mimi nilipotea. Zaina aliniambia barabara ya nane, nikahesabu kuanzia upande usio wake, nikaishia kwenye mtaa wa watu wengine kabisa, baiskeli zinapita kulia na kushoto kama nzige.

Nilichoka nikaketi kwenye kibaraza cha saruji kilichojengwa mbele ya nyumba, kimeshikana na ukuta. Mwenye nyumba akatoka, mzee mwenye kofia. Mimi kwa adabu nikainuka. Akaingia ndani. Nikaketi. Akatoka tena, nikainuka tena, nikashika na mzigo, maana niliona ananifukuza kwa macho. Mara ya tatu alitoka na kikombe cha kahawa na kipande cha mkate wa kumimina, amekasirika.

"Bibi, nimekukosea nini? Kila nikija kukukaribisha unakimbia."

"Nimekaa nyumbani kwako bila hodi, baba."

"Hapo si nyumbani kwangu. Kibaraza ni cha mpita njia. Babu yangu alikijenga ili watu wakae. Sasa ukiinuka jirani watasema nyumba hii ina mkosi."

Nikaketi, nikala. Nimejenga nyumba nyingi kuliko vidole vyangu, sijapata kujenga kiti cha mtu nisiyemjua.

Mzee alimwelekeza Zaina kwa simu yangu, naye akanikuta pale. Amekonda, ana chokaa mpaka kwenye kope. Alipiga goti akanishika mikono, nikamwambia ainuke, anachafua gauni.

Kesho yake alinipeleka anapofanya kazi, upande wa mji wa zamani karibu na bandari. Huko nyumba zina ghorofa na roshani za mbao zinazotazama barabarani, nguzo nyembamba za chuma, madirisha yenye mbao za kufungua kama mbawa. Nyumba wanayotengeneza ni duka la mzee mmoja Mhindi, Mwislamu, familia yake iko pale tangu babu wa babu. Walikuwa wamebandua saruji iliyopigwa miaka ya karibuni. Chini yake nikaona ukuta wenyewe: mawe ya baharini, yana vitundu kama sega la nyuki, yamekamatishwa kwa chokaa. Niliweka kiganja. Baridi, na unyevu kidogo, kama shingo ya mtoto aliyelala.

"Waliupiga saruji ukashindwa kupumua," Zaina alisema. "Maji ya chini yakapanda, yakakosa pa kutokea, ukaanza kumong'onyoka kwa ndani. Tunarudisha chokaa."

Nilimwangalia anavyotupa chokaa ukutani. Ule mkono, kuvuta na kugeuza kifundo mwishoni, ni wangu. Nilijifunza kwa mama yangu na yeye kwa mama yake. Ulikuwa unazunguka pale juu ya jukwaa la miti, mji wa watu, ukuta wa watu. Yule mzee mwenye duka alikuja kusimama kando yangu.

"Bi mkubwa, huyu mtoto ana mkono."

"Najua."

"Umemfundisha wewe?"

"Nimemzaa mimi," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Zaina alisita kidogo juu ya jukwaa, kisha akaendelea kupiga lipu.

Jioni tulipita kwenye jengo moja kubwa la enzi za Wajerumani, juu ya mwamba wa bahari. Kuta zake nene upana wa kitanda, madirisha marefu kuliko mtu aliyenyoosha mikono. Ndani hamna kitu. Paa limefunguka, popo wanaingia na kutoka. Tulisimama hapo, upepo wa bahari unatupiga.

"Bibi," Zaina akaniuliza, "umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kutazama."

"Ukiona vibaya?"

"Unafunga mzigo."

Hakubisha. Alitazama lile jengo akasema taratibu, "Nitafunga. Siwezi kuolewa wewe umenuna. Lakini sitaolewa na mwingine."

Alisema bila kunitisha. Alisema kama mtu anayekuambia kisima kimekauka. Basi mjue ndivyo nilivyokwenda kule minazini: nikikataa, mtoto atanitii, na atazeeka kwenye nyumba yangu ananipikia chai.

Minazini

Kijiji kipo nje ya mji, upande wa barabara ya Pangani. Unashuka kwenye gari unatembea mchangani. Sisi wa nchi kavu tumezoea kuona mbali. Kule huoni mbali, unaona miguu ya minazi tu, mirefu, imepinda kila mmoja upande wake, na juu kabisa mashada yanayosugana. Kwenye kila mti wamechonga ngazi, vidato vya kukanyagia. Nchi yote ile inaishi kwa tembo. Asubuhi wanashusha tamu, jioni wanashusha kali, na watu wanatoka mjini kulifuata.

Mama yake Mbwana, Bi Mwanasha, alitupokea. Mwanamke mnene, mcheshi, anaongea huku anatembea. Mbwana mwenyewe hakuonekana.

"Yuko wapi mwenye posa?" nikauliza.

"Kahamia kwa ami yake toka jana. Anakuogopa."

"Mwanaume mwenye nia hakimbii wageni."

"Haya, mwenzangu, umeshaanza," alisema, akanishika mkono. "Njoo uikague hiyo nyumba, naambiwa wewe ni polisi wa kuta."

Nikaikagua. Sikuacha kitu. Kuta ni za miti na udongo kama zetu, ila udongo wamechanganya na vijiwe vya baharini, na nje wamepaka chokaa. Paa la makuti, jembamba chini, nene juu, limeshuka mbele kiasi cha kumfanya mtu ainame akiingia. Mvua haigusi ukuta. Nikakumbuka kucheka kwa yule Mmasai. Kizingiti kimeinuliwa. Maji machafu yanakwenda kwenye migomba, nyuma. Ua umezungushiwa makuti yaliyosukwa, na ndani ya ua kuna bafu, vivyo hivyo la makuti, halina paa. Chumba cha Zaina kilikuwa kipya, hakijakandikwa ndani.

"Mbona hamjamaliza?"

"Mbwana kasema cha ndani asikiguse mtu. Zaina atakandika mwenyewe, kwa mkono wa kwao."

Nilitafuta kosa, wenzangu, nawaambia kweli. Nilipapasa nyuma ya milango. Kosa la nyumba sikuliona, na hilo lilinikasirisha zaidi. Lilibaki tembo. Banda la wanywaji lipo mbali, karibu na njia, na Bi Mwanasha aliniapia kwamba tembo halijawahi kuvuka kizingiti chake. Lakini harufu haina kizingiti. Alitupikia samaki wa kupaka na wali wa nazi, nikala huku ile harufu chachu inakuja na kuondoka na upepo.

Juu ya mti

Siku ya pili, alasiri, Bi Mwanasha akaenda kwa jirani, na Zaina kisimani. Mimi nikachukua ndoo nikaingia bafuni. Bafu zetu huku pia hazina paa, lakini huku kwetu juu kuna Mungu na mwewe tu.

Nikiwa nimejimwagia maji ya kwanza, nikasikia sauti ya mwanamume ng'ambo ya ua.

"Hodi juu!"

Nikanyamaza. Mtu hazungumzi bafuni, wala mwanamke aliye uchi hamwitikii mwanamume. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

"Hodi juu, wenyewe!"

Nikazidi kunyamaza. Nikajua hodi isipoitikiwa mara tatu, mtu mwenye adabu anageuka.

"Hodi juuu!"

Kisha kimya. Nikasema moyoni, ameondoka. Nikachota maji. Kwenye maji ya ndoo nikaona kivuli kinatembea, kinapanda. Nikainua macho. Mnazi uliokuwa nyuma ya ua umeinamia ndani, na juu yake mwanamume mwenye kotama kiunoni, kile kisu chao kilichopinda, na kibuyu mgongoni. Alikuwa ananitazama. Kwa kweli macho yetu yalikutana. Muda wa kupepesa. Halafu akabandika uso wake kwenye gome la mti kama anataka kuingia ndani yake.

Nilivuta kanga. Siandiki zaidi ya hapo.

Nilipotoka Zaina alikuwa amerudi. Nikamwambia, "Funga mzigo."

"Kuna nini, bibi?"

"Mchumba wako yukoje kwa sura?"

Akanieleza. Ndiye yeye.

"Funga mzigo. Kijana anapanda mti kuchungulia wanawake bafuni. Hiyo ndiyo nyumba niliyoambiwa sijaiona."

Zaina alibadilika rangi. Akaenda kuita watu, akarudi na Bi Mwanasha anakuja mbio, pumzi juu.

"Hakupiga hodi?" Bi Mwanasha akauliza.

"Alipiga tatu. Hakuna aliyemwitikia, akapanda. Mwislamu gani huyo? Hodi tatu, hakuna jibu, unarudi!"

"Mwenzangu, hodi ya mlango na hodi ya mnazi si moja. Mlangoni, kimya maana yake rudi. Mnazini, kimya maana yake uani hamna mtu, panda. Aliye uani ndiye anayetoa sauti."

"Nitoe sauti bafuni?"

"Nani kasema uongee? Unagonga kata kwenye ndoo. Ko, ko. Basi, mgema anakwenda mti mwingine. Mtoto wa kike huku anajua kugonga ndoo kabla hajajua kuoga." Akamgeukia Zaina. "Hukumwambia?"

Zaina alitazama chini. "Nilisahau kama ni kitu cha kuambiwa."

Nilisimama pale. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na pa kukaa. Kijana amefuata sheria ya kwao na mimi nimefuata ya kwetu, na zote ni za heshima.

Ndipo tukasikia kelele kule nje. Wanywaji walikuwa wamefika kufuata tembo la jioni, na mgema hajashuka. Tulikwenda. Alikuwa palepale juu, ameukumbatia mti, ametugeuzia mgongo. Jua la alasiri linampiga. Miti yake mingine haijashushwa, vibuyu vinafurika huko juu, vinamwagika.

"We Mbwana, umeota ndevu za nazi?" mmoja akapiga kelele.

"Mgema kalewa harufu!"

"Shuka, koo zinakauka huku!"

Bi Mwanasha akajipenyeza mbele. "Mwanangu, shuka. Bibi ameshaelewa. Na huyu ni bibi yako, bwana, ni mtani wako! Mwambie umemwona mrembo, mcheke yaishe!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kutoka juu ikashuka sauti, haikuwa kubwa.

"Si bibi, mama."

"Ni nani basi?"

"Zaina aliniambia toka mwanzo. Anamwita bibi kwa mazoea tu. Ni mama yake. Mama mkwe hawezi kufanyiwa utani. Nikishuka nitapita mbele yake, na nimeshamkosea. Nitashuka akiniruhusu mwenyewe. Asiponiruhusu, nitangoja giza."

Kicheko kikakatika. Nilimtazama Zaina. Macho yake yalikuwa kwenye mchanga, mikono yenye chokaa ameikunja tumboni. Hakuwahi kuniambia neno hilo mimi. Alikwenda kumwambia mtu mwingine, mbali, nisikokuwepo, na yule mtu akalishika kiasi cha kukaa juani na kuacha riziki yake imwagike.

Nilikwenda mpaka kwenye shina.

Sasa hapa niwaeleze wadogo, maana desturi hii wengi wenu hamkuiona. Kwetu mtu baki akikuona uchi kwa bahati mbaya, unamtukana, anakwenda zake, hakuna deni. Lakini mkwe akimwona mama mkwe, samahani haitoshi. Analeta nguo mpya. Anakuja kinyumenyume, mgongo mbele, anainyoosha nguo nyuma yake, mama anaipokea, anajifunika, jambo limezikwa. Nguo hiyo hailetwi na mtu baki, na mama hamdai mtu baki.

Nikainua uso, nikasema kwa sauti wote wasikie.

"Mbwana! Shuka kwa upande wa pili. Kisha ulete nguo."

Zaina alishika mdomo. Yeye aliijua desturi, nilimfundisha. Bi Mwanasha hakuijua, lakini alimtazama Zaina usoni akaelewa, akaanza kigelegele.

"Nyamaza," nikamwambia. "Hapa hakuna harusi. Kuna mtu amekosa na analipa."

Zaina alimfundisha namna, naye akaja jua likielekea kuzama, nikiwa nimeketi uani. Aliingia kinyumenyume, doti ya kanga mpya ameikunja mikononi nyuma yake, anatafuta njia kwa visigino. Aligonga tundu la kuku, kuku wakapiga kelele, akasimama, akaendelea. Hakuna aliyecheka. Mgongo wake ulikuwa umechubuka kwa gome na umeungua na jua. Aliposimama mbele yangu sikuipokea mara moja.

"Unakunywa?"

"Naonja, mama. Mgema asiyeonja atauza siki."

"Sipendi."

"Najua, mama."

"Hujasema utaacha."

Aliinua kanga juu zaidi nyuma yake. "Sijui kazi nyingine ya kumlishia. Nikisema nitaacha, nitakuwa nimekudanganya siku ya kwanza."

Mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa. Niliipokea ile nguo. Nikajifunika kichwa mpaka miguuni, nikakaa ndani yake, na huko ndani, pasipoonekana na mtu, nilimlilia Hadija. Hiyo kazi ilikuwa yake.

Kurudi

Zaina alinisindikiza mpaka stendi ya Tanga. Nilimwambia chumba chake akikandika achanganye mchanga mwingi kidogo kuliko wa kwetu, ule udongo wa pale unashikana sana, utapasuka. Akasema, "Ndiyo, bibi." Akanitazama kama anataka kuongeza kitu, basi likapiga honi.

Ngombezi nilifika mchana. Kaka alikuwa mlangoni kwake, kwenye kibaraza kile chembamba. Nilimsimulia yote. Nilipofika kwenye mnazi alicheka mpaka jirani akauliza kupitia ukutani kuna nini. Nilipofika kwenye nguo aliacha.

"Uliidai?"

"Niliidai."

"Mbele za watu?"

"Mbele za walevi na wazima."

"Na ukaipokea."

"Nimeivaa hii hapa."

Alishika pindo la kanga. "Mimi ndiye mwenye neno," alisema, "na neno limeshapita. Sasa nimebakiwa na kazi gani, dada?"

"Kupanga siku," nikamwambia. "Na uipange nje ya masika. Wakwe zako ni watu wa kupanda miti, sitaki mtu ateleze."